Fundo la Uzi wa Kijani: Kumuaga Mzee Fikirini Abdulkadiri

Leo Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bwana Fikirini Abdulkadiri anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya Saif na Ndugu kwa miaka thelathini na minne, miezi minne na siku ishirini na saba. Hizo siku ishirini na saba amezihesabu mwenyewe, akaniagiza nisizisahau.

Bwana Asad, meneja wetu, aliponipa kazi ya kuandika wasifu huu alisema uwe wa ukurasa mmoja, uchangamke, na usilize watu. Ukurasa mmoja umenishinda. Kuchangamka nitajitahidi, lakini mtanivumilia, kwa sababu ndani ya jalada la Mzee Fikirini iliwekwa barua moja ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika miaka yote hiyo, na nisipoieleza leo hakuna atakayeieleza kesho. Nitaifikia. Kwanza tumjue mtu mwenyewe.

Aliingia hapa tarehe 3 Februari 1991 akitokea gereji moja ya mtaa wa Gerezani, kijana wa miaka ishirini na sita, na boksi la spana ambalo mpaka leo hakuna anayeruhusiwa kuliazima. Wakati ule Mzee Saif, baba yake Asad, alikuwa na duka la vipuri tu hapa Mchafukoge, la mlango mmoja. Fikirini alikaa kaunta. Wateja walikuja wakiiga kwa mdomo mlio wa magari yao, naye akawaambia kipuri gani kimekufa. Wazee wa mtaani wanasema alikosea mara mbili tu, na moja kati ya hizo ni mteja aliyeiga vibaya.

Tulipofungua yadi na kuanza kuagiza magari yaliyokwishatumika, alipewa kazi ambayo haikuwa na jina. Kwenye karatasi anaitwa Mkaguzi. Kazi yenyewe ni kwamba gari halitoki getini mpaka yeye aseme. Hufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijapiga mabati. Kabla ya kuwasha injini anaweka kiganja juu ya boneti. Akikuta uvuguvugu, anajua mtu ameshaiwasha, basi anageuka na kuondoka, na gari hilo halikaguliwi siku hiyo. Anasema injini iliyopashwa moto inadanganya kama mchumba.

Gari tunalouza zaidi ni sedani ya ukubwa wa kati, ya milango minne, ambayo yadi nzima tunaiita Mama Watoto. Kwa nje zote ni moja. Chini ya boneti ziko nne. Ipo ya cc 1800, ya kwenda kazini na kurudi. Ipo ya cc 2000, inayovuta vizuri, ila taimingi yake inaendeshwa na mkanda wa mpira, na mkanda huo lazima ubadilishwe kila kilomita laki moja. Ipo ya cc 2500, ya cheni badala ya mkanda, inayopanda mlima bila kulalamika na kunywa mafuta bila aibu. Na ipo ya haibridi, yenye betri kubwa chini ya kiti cha nyuma, ambayo kwenye foleni zetu inakaa kimya kama mgonjwa.

Wateja huja na injini yao kichwani, mara nyingi ile kubwa. Mzee Fikirini hawaulizi wanataka ipi. Anauliza, "Mko wangapi, na mnakwenda wapi?" Kisha anataka familia nzima ije ikae garini hapohapo yadini, na bibi, na mizigo. Kuna bwana harusi mmoja wa Buguruni aliyetaka cc 2500 ili wakwe wamheshimu, na safari zake zote ni nyumbani mpaka Posta. Alimuuzia ya cc 1800. "Wakwe hawaoni injini," alimwambia, "wanaona viti. Osha viti." Na kuna mama wa Upanga aliyerudisha haibridi yake akilalamika kwamba feni inalia. Mzee alifungua mlango wa nyuma, akakuta tundu la hewa la betri limezibwa na mto uliotariziwa "Karibu Mgeni". Akautoa, akampa kwa mikono miwili, akasema, "Mgeni ameshakaribia, mama. Sasa mwache apumue."

Sasa nije kwenye nyuzi, maana ndipo ilipo barua.

Mimi ni Mauza wa dawati la mauzo, mwaka wangu wa nane hapa. Nyuma ya dawati langu kuna ubao wenye misumari ya kutundikia funguo, na tangu nianze kazi kila ufunguo wa Mama Watoto ulivishwa uzi wa cherehani uliofungwa na Mzee Fikirini. Mweupe ni cc 1800, wa kijani cc 2000, mwekundu cc 2500, mweusi na mweupe uliosokotwa ni haibridi. Uzi ukining'inia mtupu, gari liko tayari. Uzi ukiwa na fundo katikati, gari lina jambo na halitoki mpaka yeye alifungue fundo lake. Hakuandika popote. Alisema karatasi hupotea na kompyuta huzimika umeme ukikatika, lakini ufunguo lazima mtu aushike.

Mwishoni mwa Mei, Idi ikiwa imekaribia, nilitaka ofisi ipendeze. Mteja mmoja alikuwa ameangalia ule ubao akacheka, akauliza kama tunauza magari au tunatibu watu. Iliniuma. Nikaagiza vishikio vipya vya ngozi vyenye jina la kampuni. Ijumaa jioni nikachukua mkasi, nikakata nyuzi zote, nikazivisha funguo vishikio. Nilizitupa nyuzi kwenye pipa na nikajiona nimefanya la maana. Mmojawapo ulikuwa wa kijani, wenye fundo.

Kesho yake, Jumamosi tarehe 31, Mzee Fikirini alikwenda kufuatilia karatasi za mafao yake. Saa tatu akaja Mwalimu Vitalis, mteja aliyekuwa amechagua cc 2500 kwa sababu amehamishiwa Iringa na atapanda Mlima Kitonga akiwa na mkewe, watoto watatu na mama mkwe. Walitaka kuondoka siku hiyohiyo. Gari lake lilishakaguliwa wiki moja kabla, kwa hiyo Bwana Asad alisema wapewe, Mzee hana haja ya kusubiriwa. Yadini kulikuwa na Mama Watoto mbili nyeupe za mwaka mmoja. Moja ilikuwa na nembo ya 2.5, yaani cc 2500, nyuma, nyingine haina nembo kabisa. Nikafunga namba za usajili kwenye ile yenye nembo, nikamkabidhi Mwalimu ufunguo ndani ya kishikio kipya, nikawapungia mkono.

Mzee Fikirini alirudi saa tano kasoro. Alisalimia, akatazama ubao, akasimama. Hakuuliza nyuzi ziko wapi. Aliuliza, "Ile ya uzi wa kijani iko wapi?"

Nikamwambia iliyotoka ni ya cc 2500, ya Mwalimu. Alitoka nje, akafungua boneti ya gari lililobaki, akarudi polepole. Ile iliyobaki ndiyo ilikuwa cc 2500. Nembo yake iliibwa zamani, kama nembo nyingi za mji huu. Iliyoondoka ilikuwa cc 2000, na mwenyewe wa kwanza alijibandikia 2.5 kwa fahari zake. Mkanda wake ulikuwa umechoka na umelowa oili. Mpya ulikuwa kwenye rafu ya Mzee, ndani ya boksi lake, wa kufungwa Jumatatu. Ndiyo maana alipiga fundo.

Naomba asiyejua magari anielewe. Mkanda ule ukikatika, injini inazimika palepale. Usukani unakuwa mzito, breki inakuwa ngumu. Ukikatika Mchafukoge, unashuka unatukana. Ukikatika katikati ya Kitonga, bonde upande mmoja na lori la tani thelathini nyuma yako, watoto watatu na bibi ndani, sitaki kuendelea.

Nilipiga simu ya Mwalimu. Haipatikani. Nikapiga tena na tena. Bwana Asad alisema, na sisemi kwa kumlaumu, wengi wangesema hivyohivyo, "Mzee Fiki, tulia. Wakipata shida si watapiga?"

"Watapiga wakiwa wapi, Asad?" Mzee alimjibu, akavaa kofia yake. Kisha akanigeukia. "Walisema wanaanzia wapi?"

Nilikumbuka. Wanamchukua bibi Ilala, halafu Kariakoo kununua mablanketi na masufuria, kwa kuwa Iringa baridi. Wakitoka hapo ni Barabara ya Morogoro moja kwa moja. Ilikuwa saa tano na robo.

Tulikwenda kwa miguu, gari lingetuchelewesha. Mzee Fikirini ana goti la kushoto ambalo kila msimu wa masika hutupa taarifa ya hali ya hewa, na siku ile sikuweza kumfikia. Nilimwambia twende Mtaa wa Kongo, ndiko mablanketi yaliko. Akakataa. Mtu mwenye gari la saa mbili tangu alipewe, alisema, hawezi kuliingiza Kongo lichunwe na mikokoteni. Ataliacha Mtaa wa Lumumba, upande wa Mnazi Mmoja, penye kivuli. Tukapita kwenye vipaza sauti vya kila duka, watu wakitusukuma, yeye akisema "samahani, samahani" bila kupunguza mwendo. Mimi nilikuwa nikisoma dua moja tu na kuikosea kila mara.

Lumumba tukatazama kila gari jeupe. Hakuna. Dada mmoja wa maegesho, mwenye kizibao cha njano, akasema, "Lenye bibi amekaa nyuma na masufuria mapajani? Limeondoka sasa hivi, limeshika Mtaa wa Uhuru." Tukaufuata Uhuru. Hapo Mzee alianza kuchechemea, na kila nilipotaka tupumzike alininyooshea kidole mbele bila kunitazama.

Tuliliona kwenye makutano ya Uhuru na Msimbazi, la nne kwenye foleni, taa ya kulia inawaka. Foleni ikaanza kusogea. Nilipiga kelele, lakini Kariakoo nani anasikia mtu anayepiga kelele? Mzee Fikirini alishuka barabarani. Aliipita pikipiki, akaipita bajaji, akasimama mbele ya lile gari, akaweka viganja vyote viwili juu ya boneti, kama anavyofanya kila asubuhi. Gari lilimsukuma hatua moja, likasimama. Honi zote za mtaa zikalia. Konda mmoja alimwambia maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa.

"Mwalimu," alisema, sauti yake ya kawaida kabisa, "zima injini, mwanangu. Usiiwashe tena."

Mwalimu Vitalis alizima. Alipoelezwa, uso wake ulibadilika, akamtazama mkewe, na mkewe akawatazama watoto. Akauliza kama hawezi angalau kuirudisha yadini taratibu. Mzee akasema kuiwasha tena ni kucheza kamari na mali ya mtu mwingine. Basi tukaisukuma. Mwalimu usukanini, mimi, Mzee na wabeba mizigo wawili nyuma, watoto wakitembea kando na mama yao. Mama mkwe alikataa kushuka. "Mimi nimepanda Ilala," alisema, "nitashuka Iringa." Tulimsukuma pamoja na masufuria yake mpaka Mchafukoge.

Yadini Mzee alifungua kifuniko cha mkanda mbele ya wote. Alipoutoa, meno manne ya mfululizo hayakuwapo. Akaukunja kwa vidole viwili, ili tuone ulivyo. Ukakatika mkononi mwake.

Nilitoka nikaenda nyuma ya ofisi. Niliporudi, Mwalimu alikuwa akiuliza, kwa upole unaotisha kuliko ukali, ni nani aliyempa gari lile. Bwana Asad akanitazama. Nikafungua mdomo. Mzee Fikirini akatangulia.

"Ni mimi," alisema. "Fundo nilifunga kichwani mwangu, sikuandika mahali. Kosa langu."

Nilimfuata pembeni nikilia, nikamwambia nitasema ukweli. Alinijibu huku anapangusa mikono kwa tambara. "Nyamaza, Mauza. Wewe una miaka ishirini mbele yako hapa, na watoto wanasoma. Mimi nina siku thelathini. Barua wataiweka wapi?"

Waliiweka kwenye jalada. Jumatatu iliyofuata ilichapwa barua ya onyo kwa uzembe wa kutokuweka kumbukumbu, na mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea. Alisaini bila miwani. Mwalimu Vitalis alipewa cc 2500 yake asubuhi hiyohiyo, baada ya kiganja juu ya boneti, na kesho yake alipiga simu kutoka Iringa kusema wamefika na bibi ameshuka. Tangu siku hiyo nimekaa na jambo hili kwa wiki nne. Nimekula naye wali wa Idi aliotuletea kutoka kwa mkewe, Bi Maimuna.

Kwa hiyo naandika hapa, kwenye jarida la kampuni, palipo na wasomaji: nyuzi nilizikata mimi. Fundo nililitupa mimi kwenye pipa. Gari nililitoa mimi. Mfumo wake ulifanya kazi miaka ishirini na zaidi bila hitilafu hata moja, mpaka mtu mmoja aliyeona haya mbele ya mteja alipochukua mkasi. Mzee Fikirini hajui kwamba nimeandika. Akisoma atanikasirikia, na akasirike.

Bwana Asad aliisoma rasimu hii Jumamosi. Alikwenda kabatini, akatoa ile barua, akaja kuiweka mezani kwangu pamoja na kalamu, kisha akatoka na kufunga mlango. Nimelikata jina lililokuwapo na kuandika langu, na sasa iko kwenye jalada langu, mahali pake. Jalada la Fikirini Abdulkadiri linafungwa leo likiwa safi kama lilivyofunguliwa. Nyuzi zimerudi ubaoni, na safari hii kuna daftari pembeni. Yeye mwenyewe alikubali daftari, kwa shingo upande.

Limebaki jambo moja. Kampuni imeamua kumpa Mzee zawadi ya Mama Watoto, injini achague mwenyewe. Yadi nzima tulibishana. Wengine walisema haibridi kwa sababu ya foleni, wengine cc 1800 kwa sababu ya umri. Alichagua ileile ya cc 2000 yenye nembo ya uongo, ambayo hakuna mteja aliyeitaka baada ya kusikia habari zake. Alisema haina ubaya wowote, ila inahitaji mtu wa kusema ukweli juu yake. Nembo ameibandua. Mkanda mpya ameufunga kwa mkono wake, na Alhamisi aliniita nimfungie uzi kwenye ufunguo. Nimeufunga. Ni wa kijani, na hauna fundo.

Mzee wetu, shikamoo, na ahsante kwa kila asubuhi. Daftarini nimeandika kwamba mkanda wako umefungwa kwenye kilomita 96,210, na utabadilishwa kwenye 196,210. Kwa mwendo wako, wa Ilala na msikitini na mara moja kwa mwaka kwa wajukuu Tanga, nimepiga hesabu ni kama miaka ishirini. Tunakuombea kwa Mungu uifikie hiyo kilomita ukiwa na afya, na goti lako, na Bi Maimuna kando yako. Siku hiyo lilete mapema, kabla halijapata moto. Nitakuwa bado nipo dawatini, na kiganja nitaweka mimi.